Kimondo Nilichokiita Bombe

Juzi nilipita Nengo, mtaa wangu wa zamani pale Gisenyi, nikaikuta nyumba ya bibi imegeuzwa duka la simu. Nilisimama barabarani nikinusa kama mjinga. Harufu ya sambaza haipo tena. Mwishoni mwa miaka ya tisini hata shuka zetu zilinuka vile visamaki vya ziwani, maana bibi alivikaanga kila alfajiri na kwenda kuviuza mpakani, Petite Barrière.

Ukuta kwa ukuta nasi aliishi jirani, mjane, na binti yake wa rika langu. Binti huyo nilimpenda kuliko ndugu. Tulichota maji na kuchambua maharage pamoja, tukagombana kila siku na kupatana kabla ugali haujaiva. Vita ilikuwa karibu, kule vilimani, kwa hiyo kila nyumba iliweka furushi nyuma ya mlango: nguo, sufuria, unga kidogo. Mlio ukisikika, unabeba unakimbia. Sisi watoto tulilijua hilo kuliko hesabu.

Jioni moja, giza ndiyo kwanza linaingia, nilikuwa uani naanua nguo. Mbingu juu ya ziwa ikawaka. Kitu cheupe chenye ukingo wa kijani kilipita kimya, nikakiona kivuli changu ukutani kama mchana, kisha kikapasuka vipande. Punde ngurumo ikafika, mabati yakatetemeka. Kilikuwa kizuri mno, naapa. Lakini mdomo wangu ulijua neno moja tu.

"Bombe! Bombe inaanguka!"

Mtaa mzima ukaidaka kelele ile. Jirani akaja kwetu, furushi kichwani, binti yake mkononi.

"Mama, mi nilisha kimbia mara mbili mikono mitupu," akamwambia bibi. "Ya tatu, hapana. Asubuyi barrière ikifunguka tu, tunaenda Goma kwa dada yangu."

"Mungojee kwanza, tusikie habari," bibi akasema. Alipoona hasikilizwi, akawafungia sambaza za njiani.

Kesho yake darasani nilikaa benchi peke yangu. Mwalimu wetu, aliyekulia Tanzania, alitucheka. "Kile kilikuwa kimondo, wanangu. Jiwe tu la angani linaloungua." Sikuomba ruhusa. Nilikimbia hadi mpakani nikawauliza wabeba mizigo. Jirani na binti yake walikuwa wamevuka tangu alfajiri.

Bibi aliwatuma wachuuzi wenzake wamwambie jirani ilikuwa nyota, arudi. Jibu lilikuja baada ya juma: dada mtu alikuwa amehamia Masisi, nao wamemfuata huko. Kisha vita ikafumuka upande ule. Sijasikia habari za rafiki yangu mpaka leo, na moyo wangu haujazoea.

Bibi alijilaumu mpaka anakufa. "Ni mi nilimuacha atoke," alikuwa akisema tukila. "Ningefunga tu mulango." Katika zogo lile hakuna aliyejua nani alipiga kelele ya kwanza. Miaka kumi na mmoja tulikula sahani moja, mimi na bibi, na sikumwambia.