Isale Nililolikataa Kwenye Barabara ya Msituni

Anayedhani nawatungia hadithi amuulize Vitalis wa Uru, bado yu hai. Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana, na siku hiyo sikuwa nimeonja hata mbege, pombe yetu ya ndizi.

Ilikuwa Julai, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, nami nilikuwa dereva wa Landrova ya kijiji. Mnaoijua Julai ya huku juu mlimani mnajua: ukungu haunyanyuki, manyunyu hayakatiki, barabara ya msituni inateleza kama imepakwa sabuni. Usipofunga minyororo kwenye magurudumu huendi popote. Na ndio wakati nguruwe mwitu wanashuka kufukua mashamba, kwa hiyo kijiji kilituma wawindaji. Mmoja wao alikuwa mdogo wangu, Aloisi.

Mimi na Aloisi tulikuwa hatusemeshani tangu Krismasi. Kwa nini? Alichinja beberu, na kidari, ambacho kwetu ni haki ya kaka mkubwa, akampelekea baba mkwe wake. Nyama tu, mtasema. Lakini nilitamka mbele ya ukoo kwamba sina mdogo.

Basi wakata magogo wakashuka na habari: Aloisi ameanguka korongoni, paja limevunjika, damu haikauki. Vitalis na wenzake wanambeba hadi barabara inapoishia, gari liwafuate huko upesi. Nikapanda, nikinung'unika, lakini nilipanda.

Kabla ya kona ya mwisho nikamwona mtu katikati ya barabara. Aloisi! Amesimama kwa miguu yake miwili, shati kavu kabisa katika manyunyu yale. Mkononi ameshika isale, jani letu la kuombea msamaha. Ukiletewa isale hukatai, hata kama aliyelileta amekuchomea nyumba.

"Kaka, pokea," akasema.

Hebu niambieni, ninyi mngefikiri nini? Mimi niliona nimechezewa.

"Kumbe paja zima! Umechoma mafuta ya kijiji ili uje kuniigizia hapa?"

"Pokea, kaka. Nina haraka."

"Haraka ya wapi? Kidari ulikipeleka kwa miguu, basi na nyumbani rudi kwa miguu!"

Nikafunga kioo, nikageuza gari. Hakunifuata. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona bado amenyoosha mkono. Jambo moja lilinikera njia nzima: pale aliposimama matope yalikuwa laini, na sikuona alama ya unyayo. Nikajiambia ni ukungu tu.

Jioni wakafika na machela ya miti, wamembeba njia yote ile. Alikuwa amekata roho kabla hawajafika nusu ya safari. Shati lilikuwa limeganda damu mpaka kwenye kola. Vitalis akanikamata koti.

"Ulikuwa wapi wewe? Tumekaa barabarani tunakungoja, mara huyu akaacha kulia, akasema, 'Nibebeni tu. Kaka amekataa isale, ameshageuza gari.' Nikajua homa inamsemesha. Eti ulifika?"

Mpaka leo sijamjibu. Kona moja tu ilibaki, jamani. Ningeikata, ningewakuta.

Kaburi lake liko kihambani, kwenye migomba ya ukoo, karibu na nyumba yangu. Kila Julai nachuma isale, naliweka juu yake, naomba kwa sauti kama mtu mbele ya mtu. Asubuhi nalikuta kizingitini kwangu, limelowa umande. Padri ameomba, wazee wamechinja, nami nimekesha dirishani nione nani analileta. Sijaona mtu. Watoto wangu wamehamia Pasua, kule mjini, hawalali tena hapa.

Wewe unayesoma, una ndugu msiyesemeshana naye? Siku akikunyooshea isale, lipokee kwanza, ugomvi utakuja baadaye. Usianze kuchunguza kama shati lake limelowa.