Kichupa Mkononi mwa Euphrasie

Kwa habari ya maziwa, Euphrasie hakubali kufundishwa na mtu, wala mimi simlaumu. Tangu aolewe kijijini Nyantende amekamua ng'ombe wa mumewe, amesukasuka kibuyu magotini hadi siagi ikajikusanya, na ameteremsha madumu hadi mtaa wa Kadutu mjini kwa wateja ambao huwakaripia kana kwamba yeye ndiye mnunuzi. Ana miaka hamsini na minane, na mikono isiyojua kutulia. Mikono hiyo ndiyo iliyomponza Jumanne moja asubuhi, katika hospitali moja ya Bukavu.

Binti yake Elodie alikuwa amejifungua kwa kupasuliwa, mimba ya miezi saba, naye bado amelala wodini hana habari. Kwa hiyo bibi ndiye aliyekaa kando ya mtoto, katika chumba cha watoto njiti. Mtoto mwenyewe, msichana, alikuwa mdogo kiasi cha mtu kuogopa hata kumtazama. Mrija wa hewa ulikuwa puani, na bado kila alipopumua mbavu zilizama ndani, sauti ndogo ikamtoka: nn, nn, nn. Sauti ile ilimwingia Euphrasie mifupani.

Daktari Camille, mwanamke kijana mwenye miwani, alimweleza akiwa na kichupa cha dawa nyeupe mkononi.

"Maman, mapafu ya mutoto haijakomaa. Kila akitosha pumuzi inje, inashikamana, inakataa kufunguka. Hii dawa itaizuia kushikamana. Tutaipitisha mu koo, iende mupaka ndani ya mapafu. Tuko nayo chupa moja tu."

"Na hiyo dawa munaitosha wapi?"

"Kwa ngombe. Mu mapafu yake."

Hapo ndipo Euphrasie alipopotea kabisa. Ng'ombe anawajua. Mapafu yao yana rangi ya nyama. Kitu cheupe kama kile hutoka kwenye chuchu. Na tangu lini maziwa yakamwagwa kwenye mapafu ya mtoto? Yakipita njia ya hewa mtoto hupaliwa, hata msichana wa miaka kumi analijua hilo. Lakini daktari amesoma, yeye hakusoma.

Muuguzi Adolphine, mkono mmoja umeshikilia mrija, alimpa kichupa. "Maman, ifumbate mu mikono, ipate joto. Imetoka mu frigo."

Joto kilipata. Lakini mikono ilipoona kitu cheupe kimetuama chini, ikafanya ilivyozoea. Akakisukasuka barabara, kama mtu anayetafuta siagi.

"Maman! Uko nafanya nini?" Adolphine alipiga kelele. "Ile haitingizwe!"

Kichupa kilikuwa kimejaa povu. Camille alikichukua, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akalitazama povu. Heri angemtukana.

"Imeharibika?" Euphrasie aliuliza.

"Hapana. Lakini siwezi kuvuta povu mu sindano. Tungoje ishuke."

"Nimemuua mutoto wa Elodie."

Walingoja. Mtoto aliguna, akatua, akaguna tena. Euphrasie aliikalia mikono yake. Alitaka kuuliza, asijue aanze na swali lipi. Povu nalo lilishuka kwa ukaidi wake. Hatimaye Camille akavuta dawa, akapitisha kamrija kembamba kooni, akaisukuma pole pole. Euphrasie alifumba macho, hakutaka kuyaona maziwa yakienda kulikokatazwa.

Dakika chache zikapita, na ile nn ikakoma. Alisubiri nyingine, haikuja. Basi akajua. Akajishika kichwa na kutoa kilio cha msiba, kile kinachowatoa watu mashambani, hadi akina mama wa vitanda vya jirani nao wakaanza kulia.

Adolphine alimkamata mabega. "Maman, unalilia nani?"

"Amenyamaza!"

"Amenyamaza juu ya dawa, hateseke tena. Fungua macho, angalia kifua."

Alifungua. Mbavu hazikuzama tena. Kifua kilipanda na kushuka bila kelele, kama cha mtu yeyote aliyelala. Euphrasie alimtazama daktari, akamtazama mtoto, wala hakuelewa nani kafanya nini.

Mwanamke wa kitanda cha pili, machozi bado yakimtiririka, alimshika mkono. "Pole sana, maman. Nani alikufa?"

"Hakuna mutu," alisema Euphrasie. "Hakuna." Akaangua kilio kikubwa kuliko mwanzo.