Sinia la Fedha la Nyumba ya Melachrinos

Mzee Stylianos, baba wa bwana harusi, alikuwa ndiyo kwanza ameuliza, "Basi, mkwe mwenzangu, nyumba yenu inasemaje?" Evanthia akafungua kinywa ajibu, na papo hapo mtandao ukakatika. Kule Chania, kisiwani Krete, wazazi wa bwana harusi wakabaki wanatazama picha iliyoganda: mama wa binti, kinywa wazi, macho yamemtoka, hasemi ndiyo wala hapana. Mtandao uliporudi, wakwe walikuwa wameshaondoka.

Haukupita muda Danai, binti wa pekee wa Evanthia anayefanya kazi Uswidi, akapiga simu.

"Mama, umewafanya nini wenzio?"

"Mimi? Ni hii kompyuta ya baba yako."

"Mzee anasema umewanyamazia makusudi. Na hao ni Wakrete, Mama, wakiudhika wameudhika. Nimewabembeleza mpaka wamekubali Jumapili. Ukikatika tena, posa imekwisha."

Evanthia alikuwa amefundisha Kigiriki cha kale mjini Ioannina mpaka alipostaafu, na marehemu mumewe Thrasyvoulos Melachrinos alikuwa hakimu asiyesengenywa hata na wapinzani wake. Kutoa neno la posa kwenye simu ya mkononi, umeishika kama kioo cha kupakia poda, lilikuwa jambo lisilofikirika. Lingetolewa katika chumba cha kusomea cha marehemu, mbele ya kompyuta yake kubwa ya mezani, vitabu vyake vya sheria vikiwa nyuma. Kasoro ni kwamba kile kisanduku cha intaneti kilikuwa sebuleni, ng'ambo ya ukumbi. Fundi wa kampuni alikifunga huko kwa sababu waya wa simu uliingilia huko, na Evanthia, ambaye sebule yake hufunguliwa kwa wageni tu, alikitia ndani ya kabati la vioo, mahali ambapo jicho la mgeni halifiki.

Alianza na yale anayoyajua kila mtu. Akazima kompyuta, akawasha. Akazima kisanduku, akawasha. Akapiga simu kwenye kampuni, kijana akamwambia kwa upole kwamba kwao kila kitu kinaonekana sawa. Vile vijistari vya mtandao kwenye kioo cha kompyuta vilipanda kimoja, vikashuka, vikatoweka.

Jirani yake Loukia alipopata habari, alikuja mbio na chupa ya mafuta.

"Jicho la hasidi hilo, shoga! Binti anaolewa, unadhani watu wanalala?"

"Loukia, mashine haipatwi na jicho."

"Hata mbuzi hupatwa, sembuse kitu kinachowaka taa."

Lakini mgeni ni mgeni. Kabla ya lolote Evanthia alimletea sebuleni cheri zilizopikwa kwa sukari, kijiko na glasi ya maji, juu ya sinia kubwa la fedha la ukoo. Loukia akala, akadondosha mafuta kwenye maji kulitoa jicho, akasoma dua zake huku akipiga miayo, dalili kwamba linatoka. Walipokwenda kutazama, vijistari vyote vilikuwa vimesimama.

"Nilikwambia mimi!" Loukia akafunga chupa yake kwa maringo.

Alipoondoka, Evanthia aliosha vyombo, akalisugua sinia na kulirudisha mahali pake. Mtandao ukafa.

Siku ya pili akaja Vrasidas, mwenye duka la kompyuta. Naye alipewa cheri, akasifu, akaongezewa. Alipoketi mbele ya kompyuta, ilikuwa inakwenda kama maji.

"Mama, hii haina ugonjwa."

"Ina ugonjwa. Inaona haya mbele yako."

"Basi olewa nami nikae hapa," Vrasidas akacheka, akabeba mkoba wake. Hakufika mbali, vijistari vikashuka.

Hapo hasira zilimtoka Evanthia, udadisi ukamwingia, ule ule uliokuwa ukimfanya azunguke sentensi ngumu mpaka imfungukie. Mashine inapenda wageni. Kwa nini? Akamwita Loukia, akamwingiza kwa mlango wa jikoni na kumketisha kwenye kiti cha jikoni.

"Leo hata maji hakuna?" Loukia akauliza. "Nimekukosea nini?"

"Tulia. Nakupima."

Akaenda kutazama. Mtandao hakuna. Mgeni yumo, mtandao hakuna! Basi si mgeni. Akarudi, akaona haya kumwacha mtu kinywa kikavu, akaingia sebuleni na kufungua kabati la vioo atoe sinia.

Mkono ukasimama hewani. Sinia lilikuwa limeegemezwa wima, na nyuma yake, kimebanwa ukutani, fedha yote ile ikikiziba, kilikuwa kile kisanduku. Alikuwa amekificha yeye mwenyewe, ili taa zake za kijani zisimwaibishe karibu na mataji yake ya ndoa, yale waliyovishwa na mumewe kanisani, yaliyohifadhiwa humo.

Akalitoa, akakimbilia chumba cha kusomea nalo kifuani. Vijistari vilikuwa vinapanda.

"Loukia! Njoo ule cheri!"

Jumapili, kisanduku kilikuwa juu ya kabati, peupe, kinakonyeza. Sinia lilisimama mbele ya vitabu vya marehemu, na Bibi Argyro, mama wa bwana harusi, hakuchelewa kuliona kwenye kioo chao kule Chania.

"Hiyo ndiyo fedha ya mafundi wa Ioannina inayosifiwa, mkwe?"

Evanthia angeweza kusema ndiyo, akaishia hapo. Ilikuwa siri ya kijinga kuitoa nje ya nyumba. Lakini aliona kwamba kuacha watu wadhani amewadharau ni aibu kubwa kuliko kuonekana mjinga.

"Ya bibi yake mume wangu. Nayo ndiyo iliyowanyima jibu langu." Akawaeleza yote, mpaka taa za kijani.

Mzee Stylianos alisikiliza bila kutikisa masharubu. Kisha akamgeukia mkewe. "Argyro, kisanduku cha kwetu si ulikificha nyuma ya mlango wa kabati?"

"Na kitambaa cha kufuma juu yake," Argyro akasema. "Kitu kibaya kile! Nani atakitazama?"

Wakacheka wote watatu, na picha haikuganda.

"Basi, mkwe mwenzangu," Stylianos akasema, akijiweka sawa kwenye kiti, "nyumba yenu inasemaje?"

"Nyumba ya Melachrinos inasema ndiyo," Evanthia akajibu, polepole, kila neno likifika.