Nilivyocheka Nyuma ya Mfanya Mazingaombwe

Kicheko changu nilikisikia kutoka sebuleni kabla sijajua kwamba ni changu. Nilikuwa chumbani, nimekaa kwenye godoro, nakalia eda ya mume wangu katika nyumba yetu ya Handeni. Pazia la mlangoni lilikuwa limeshushwa kwa sababu shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa amekuja baada ya alasiri kuzungumza na mama yake. Nikasikia mwanamke anacheka kwenye simu. Kimya. Kisha anacheka tena vilevile, kwa pumzi ileile. Waliporudia tena ndipo nilipokitambua. Mimi hucheka kama mtu aliyepaliwa na maji, na mume wangu alinitania kwa hilo tangu wiki ya harusi.

Wifi yangu, dada mdogo wa marehemu aliyeolewa Mazinde, alikuwa amekuja kulala nami ili nisikae eda peke yangu. Aliingia akiwa na simu yake mkononi, uso umembadilika.

"Wifi," alininong'oneza, "kweli ulikwenda kwenye mazingaombwe?"

Kilikuwa kipande kifupi cha video, kimetumwa kwenye kundi la ukoo. Mbele yuko mfanya mazingaombwe mwenye kofia ndefu, kwenye uwanja wa wazi pale Korogwe, anamchomoa kuku hai kutoka kwenye koti la mzee mmoja. Nyuma yake, bila kuombwa wala kuulizwa, nipo mimi. Nimevaa dera la maua mekundu, mtoto mdogo yuko mgongoni, mkono wenye hina umeziba mdomo, nacheka mpaka nainama. Kipande kinaishia hapo. Chini yake mtu ameandika: "Mjane wetu huyo. Kumbe amepoa mapema."

Hasira zilinipanda hadi masikio yakaziba. Siku ile niliikumbuka vizuri. Mume wangu alikuwa hai, mzima kabisa, na homa iliyokuja kumchukua haikuwa hata na dalili. Tulikwenda Korogwe sote wanne kununua pampu ya kupulizia dawa mahindi, hina yenyewe ilikuwa ya harusi ya jirani, tukapitia uwanjani ili watoto wapande bembea. Kijana fulani alikuwa akizunguka na simu juu ya fimbo, akimrekodi yule mtu na kuku wake. Sisi tulikuwa watu wa nyuma tu, wa kujaza picha. Na vijana hawa hurekodi leo wakarusha siku wakipata bando. Huyu alipata la kwake nikiwa nimeshaingia eda.

Mkosi juu ya mkosi, wiki hiyohiyo nilikuwa nimetoka. Binti yangu mdogo alivimba jicho, daktari wa macho yuko Korogwe, nikaomba ruhusa kwa mama mkwe, nikaenda nimevaa baibui jeusi na kurudi jua lingali juu. Kwa hiyo sebuleni hawakuhitaji kufikiri sana. Mjane alikwenda Korogwe, na video ya Korogwe hiyo hapo. Kwamba baibui limegeuka kuwa dera la maua, walisema nilibadilisha njiani.

"Mama, mimi sina ugomvi naye," shemeji alikuwa akisema, sauti yake ya upole ile inayotisha kuliko ukali. "Lakini mtu anayeichezea eda ya ndugu yangu hivi, mbele ya watu, hawezi kulea watoto wake. Eda ikiisha arudi kwao Bungu. Watoto wabaki hapa, kwa damu yao."

Tangu mazishi mama mkwe alikuwa ameacha kujibu mambo mengi.

Niliongea nikiwa nyuma ya pazia, maana sikuruhusiwa kutoka mbele yake. "Shemeji, siku hiyo nilikuwa na mdogo wako."

"Yuko wapi hapo?"

"Alikwenda kununua juisi ya miwa."

"Shahidi wako yuko kaburini, shemeji," alisema taratibu. "Huyo hatuwezi kumwita."

Nilitaka kumtupia neno ambalo mpaka leo nashukuru halikutoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kulinda jina la ukoo, na jina la ukoo siku hiyo lilikuwa linazunguka kwenye simu za watu kutoka Kerenge mpaka Mazinde, linacheka na kupigiwa makofi.

Nikamshika wifi mkono. Nilimwambia kwamba hicho ni kipande tu, mtu amekikata, na video nzima lazima ipo kwenye ukurasa wa yule kijana. Mume wangu aliturudia na juisi wakati kuku yule alipoponyoka akaingia katikati ya watu. Kama kijana hakuwa amezima simu, pengine yumo. Nilisema pengine. Sikuwa na hakika.

Wifi akaanza kutafuta. Mtandao wa mtaani kwetu unajulikana. Kile kiduara kikawa kinazunguka katikati ya kioo, kinazunguka tu, na upande wa pili wa pazia nikasikia shemeji anampigia mtu.

"Kijana, hujambo? Namba nimeitoa kwenye ukurasa wako. Ile video ya kuku nakuomba kistaarabu uifute. Yote. Ni mambo ya familia, kuna mtu wetu yumo humo."

Nikataka kupiga kelele kwamba asifute, lakini ningewaambia nini? Kwamba yumo mtu ambaye sijamwona? "Wifi, haraka," nilisema. "Haraka, nakuomba."

Ikafunguka. Kofia ndefu, koti la mzee, kuku, mimi nikicheka. Kisha ile sehemu waliyoikata. Kuku anaponyoka, watu wanatawanyika, picha inayumba. Na upande wa kushoto akatokea. Vikombe viwili vya plastiki mikononi, baraghashia imelala upande mmoja, binti yetu mkubwa ameshikilia shati lake kwa nyuma. Akanyoosha shingo. Akageuka huku na huku, mara moja akaipita kamera kwa macho, kisha akatabasamu kuelekea tulipokuwa. Basi. Video ikaisha.

Wifi alijiziba mdomo kwa ncha ya khanga.

Kutoa ushahidi wangu kulimaanisha kumpelekea mama video ya mwanawe akitembea, na mama hakuwa amelala usiku mzima hata mara moja tangu tumzike. Sikutaka kumfanyia hivyo. Lakini nje niliwasikia wanangu wakigombania kamba ya kuruka, na sikuwa tayari kuwaacha kwa ajili ya huruma.

"Mpelekee," nilimwambia wifi.

Nikasikiliza. Kuku. Kicheko changu. Kelele za watu. Halafu sauti ya mama kuvuta pumzi kama aliyekanyaga mwiba.

"Rudisha," mama akasema.

Wifi akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Haifunguki, mama."

"Nimesema rudisha."

"Wameandika haipo."

Simu ya shemeji ikalia mlio mfupi wa ujumbe. Hakuusoma kwa sauti, na hakukuwa na haja. Nikamsikia anapiga haraka, safari hii bila ule upole. Akamwuliza kijana kama ameihifadhi mahali popote, kwenye simu, kwa rafiki, popote. Kijana akajibu kwa sauti kubwa kiasi kwamba hata mimi nilimsikia: simu ilikuwa imejaa, mzee, alifuta zamani, ile ya mtandaoni ndiyo ilikuwa imebaki.

"Umemfuta mwanangu," mama alimwambia.

Nilisikia kiti cha shemeji kikisogea, kisha mtu mzima mwenye ndevu akilia kwa kujizuia, na ghadhabu yangu ambayo nilikuwa nimeitunza mchana kutwa ikanikimbia. Nilimhurumia, na nilichukia kumhurumia.

Pazia likafunuliwa. Mama aliingia, akalishusha tena nyuma yake, akakaa kwenye godoro langu kwa taabu, magoti yake yakilalamika. Hakuniomba radhi. Alinishika kiganja akakigeuza, akakitazama, hakina hina wala chochote.

"Watoto hawaendi popote," alisema kwa sauti ya kusikika sebuleni. "Na mama yao haendi popote."

Kisha akashusha sauti, ikawa ya sisi wawili.

"Mimi macho yangu hayaoni vizuri, na imepita upesi. Pale aliponyoosha shingo, akageuka huku na huku. Alikuwa anamtazama nani?"

"Alikuwa anatutafuta, mama," nilimwambia.

"Akawaona?"

"Akatuona."