Picha Kumi na Mbili Zisizo na Pengo

Ninazo bado picha kumi na mbili za mbingu ya mtaa wetu wa Laeken, nilizopiga kwa simu, moja kila baada ya dakika mbili. Watafiti niliowatumia walinishukuru hasa kwa sababu mfululizo wake haukukatika mahali popote. Ujumbe wao sijamwonyesha mke wangu.

Nilianza kupiga picha za mwanga wa kaskazini, ule unaoitwa aurore kwa Kifaransa, baada ya kustaafu. Watafiti hao hupokea picha za watu wa kawaida, kwa kuwa vyombo vyao havioni kila mahali. Unaandika saa, mahali, upande uliotazama na rangi, nao wanajua mwanga ulifika wapi na lini. Mimi niliishia sekondari, nikasafisha ofisi za watu miaka mingi. Kuombwa msaada na wasomi kulinilevya, sina neno jingine la kueleza hali hiyo.

Usiku ule tahadhari ya mwanga huo ilikuja kwenye simu, nikamwacha mke wangu amelala, nikaenda kwenye uwazi wa bustani, mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu. Niliiweka simu kwenye stendi. Picha sita za kwanza zilitoa kijani hafifu, kisha ghafla mbingu ikawa nyekundu, hata kwa macho matupu. Kwa furaha nikampigia mke wangu, ambaye nimezoea kumwita Maman.

"Maman, amka, angalia ku dirisha. Inawaka."

Nikakata kabla hajajibu, maana dakika mbili zilikuwa zinakwisha.

Sisi ni watu wa Goma. Kule mtu akikuamsha usiku akakwambia "inawaka", huulizi ni nini. Ni mlima. Volkano ilipomwaga moto mjini, mimi nilikuwa safarini kikazi, naye alikimbia peke yake na watoto wawili. Nilimtafuta siku tatu, nikamkuta ng'ambo ya mpaka, amekaa juu ya sufuria. Tulipokuja huku ugenini aliniomba kitu kimoja tu: akinipigia, nipokee. Nilikubali, na kwa miaka yote nilipokea, hata nikiwa juu ya ngazi na ndoo mkononi.

Simu ikiita hutikisika, na picha huharibika. Alipiga baada ya picha ya saba. Nikakata. Akapiga tena baada ya ya nane, nikakata tena, nikajiambia anataka kunipongeza. Hakupiga mara ya tatu. Nilimaliza zote kumi na mbili, nikarudi nyumbani taratibu nikizitazama njiani.

Mlango wa chini ulikuwa wazi. Jirani wa ghorofa ya kwanza alikuwa amepiga magoti kwenye ngazi, amemfunika mke wangu koti. Kando yake ulikuwepo mkoba wa hati zetu, na sufuria iliyobingirika hadi chini. Mke wangu alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga.

Hospitalini binti yetu aliniuliza mbele ya mama yake, "Donc papa, ulikuwa unapiga foto?"

Nilisema ndiyo.

"Na simu uliiona?"

"Niliiona. Mara mbili."

Mke wangu aliutazama ukuta. "Jirani alifikiri naenda kupika ku escalier, ku ngazi," alisema, na binti yetu akacheka kidogo, kisha akalia. Mke wangu hakucheka. "Niliona nyekundu juu ya manyumba, papa. Nikasema, bon, imetufuata mpaka huku. Nikasema nikupigie, wewe uko inje."

Sikumwambia kwamba sikujua, kwa sababu nilijua neno lile linamaanisha nini kwetu. Nililisahau kwa muda wa picha kumi na mbili.

Sasa anatembea kwa kigari cha kushikilia, na ngazi zile hashuki bila mtu. Hajawahi kunigombeza. Ila akiwa chumba cha pili hanipigii simu tena. Huita kwa sauti, kana kwamba simu yangu haipo.

Fomu ya watafiti ina sehemu ya maelezo ya ziada, ambayo niliiacha tupu. Wiki iliyopita niliwaandikia waongeze: baada ya picha ya saba na ya nane simu iliita, mpiga picha akaikata. Walijibu kwa adabu kwamba jambo hilo haliathiri picha.