Dume la Kwenye Kioo

Mwanzo wa ghasia ile sikuuona. Sikusikia ukelele wa kwanza wa "mwizi", wala sijui ni mkono wa nani uliotangulia kumpiga fundi. Watu watatu waliokuwapo walinisimulia, na kila mmoja alijiweka mbali na tukio, kana kwamba fundi yule alijipiga mwenyewe. Masimulizi yao nimeyaacha. Nilikuwa hakimu wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi, na nimeona watu wakifungwa kwa maneno ya "nilisikia kwamba". Nitaandika niliyoyaona. Nikilazimika kutaja la kuambiwa, nitasema nimeambiwa.

Kompyuta ilikuwa ya mdogo wangu. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, akinunua minadani upande wa Kongwa na kupeleka Dar es Salaam. Miaka ile ya soko huria, kila mwenye fedha alipokuwa akifungua duka la kitu asichokijua, yeye aliamua kufungua ofisi ya kuchapa barua. Alirudi na mashine nyuma ya pikapu, imefungwa kwa kamba ya katani kama ndama. Muuzaji, ili kumfurahisha, alikuwa ameingiza ndani picha ya dume la ng'ombe la mdogo wangu, kubwa, jekundu, lenye baka jeupe begani, na hilo ndilo lililotokea kila kioo kilipowaka. Mdogo wangu aliwaita wapita njia waje kulitazama. Kwa kuwa chumba cha biashara kilikuwa bado kinapigwa lipu, mashine iliwekwa sebuleni kwangu, mtaa wa Area D.

Alikuwa mtu wa mkono mwepesi. Nilimwona mnadani akimvunja ng'ombe pembe kwa gongo kwa sababu alisita kupanda lori, kisha akamgeukia mchungaji wake kwa gongo lile lile, kabla damu haijakauka.

Fundi alikuwa mwenyeji wa Mvumi, mtu wa miaka thelathini hivi, aliyesomea kazi hiyo India. Alipokuja mara ya kwanza nilimwuliza iko wapi leseni ya mfumo uliokuwa ukiendesha mashine.

"Leseni? Mzee, nchi nzima inatumia nakala."

"Nchi nzima haijaitwa mbele yangu. Nakuuliza hii."

Alicheka, lakini wiki ile ile alirudi na sidii za mfumo mwingine, wa ukoo wa Unix, uliotungwa na watu wengi na kutolewa pamoja na ruhusa ya maandishi kwamba yeyote anaweza kuunakili na kumpa mwenzake. Niliisoma ruhusa hiyo tangu mwanzo hadi mwisho kabla sijamwacha aguse kitu. Nilimwarifu pia mdogo wangu. "Wekeni chochote, kaka," alijibu, "mradi ichape."

Fundi aliigawa diski sehemu mbili: mfumo wa zamani upande mmoja, mpya upande wa pili. Mashine ikiwashwa ilisubiri sekunde chache. Ukiandika neno "zamani", ulikuja ule wa kwanza pamoja na dume lake. Ukinyamaza, ulikuja mpya, nao haukuwa na picha yoyote: kioo cheusi, herufi nyeupe, na swali la kwanza kabisa, wewe ni nani? Baada ya jina ulidai neno la siri. Ndani, kila waraka ulikuwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyeamua nani asome na nani aandike.

"Mfumo huu una adabu," nilimwambia.

"Una adabu na kiburi pia, mzee. Ukikosea herufi moja unakuacha hapo hapo."

Niliujaribu kila alasiri na nikaupenda, isipokuwa jambo moja: haukuchapa sawasawa. Kila mstari ulianzia pale uliotangulia ulipoishia, barua ikateremka kwenye karatasi kama ngazi. Fundi alikuja kulirekebisha hilo. Karatasi zilikuwa zimekwisha, basi nikamwacha peke yake sebuleni nikaenda mjini kununua nyingine.

Niliporudi na kukata kona ya mtaa wetu, hivi ndivyo nilivyoona. Fundi alikuwa chini, barabarani, mbele ya nyumba yangu. Watu walikuwa wamemzunguka, wengine nikiwafahamu, majirani zangu, wafanyakazi wa ofisi za serikali waliokuwa bado wamevaa tai. Mdogo wangu alisimama juu yake. Nililiona gongo likipanda na nikaliona likishuka juu ya mkono wa kulia ambao fundi alikuwa amejifunikia kichwa. Nilisikia mfupa.

"Kaiba ng'ombe wangapi?" mwanamke mmoja aliniuliza nilipokuwa nikimpita. Alikuwa ameshika jiwe, na hakujua hata kilichoibwa.

Nilimshika mdogo wangu shati. "Unafanya nini?"

"Kaka, kabadilisha kompyuta! Kauza yangu, kaleta hii takataka! Dume langu halimo. Nimewasha, inaniuliza mimi nani. Kitu changu mwenyewe kiniulize mimi nani?"

"Ni ile ile."

"Mimi ng'ombe wangu achanganywe na mia, namtoa kwa sura. Utaniambia sura si yake halafu ng'ombe ni yule yule?"

Nilielewa hapo kwamba sitamshinda kwa maneno. Minadani alikokulia, mnyama aliyebadilika alama ni mnyama wa wizi, na hakuna hoja nyingine. Niligeukia umati nikasema mimi ni hakimu. "Ulikuwa, babu," mtu akajibu, na watu wakacheka. Nililala juu ya fundi ili wasipate pa kupiga. Fimbo iliyonipata kiwikoni sikumwona aliyeishika, na miwani yangu ilipasukia chini ya kiatu cha mtu. Mtu mwingine alipiga kelele akidai tairi na mafuta ya taa.

Niliinuka nikamvuta mdogo wangu kwa ukosi hadi sebuleni. Nadhani alikubali kwa sababu tangu utotoni sikuwahi kumvuta hivyo. Kibodi ilikuwa sakafuni. Nilibonyeza kitufe cha kuanzisha mashine upya na kupiga magoti. Mkono wangu wa kulia ulikataa kukunjuka, na bila miwani sikuziona herufi. Niliandika kwa kidole cha kushoto, nikakosea. Sekunde zikaisha na kioo cheusi kikaanza kumwaga maneno yake. Nje, fundi alipiga yowe, kisha sauti yake ikakatika.

"Nisomee herufi," nilimwambia.

"Kaka, hii siyo..."

"Nisomee, mpumbavu!"

Tulianza upya. Alinionyesha herufi moja moja kwa ncha ya gongo, na ncha ilikuwa na damu ikatia alama kwenye vitufe. Z. A. M. Mashine ilinguruma kwa muda mrefu usiovumilika. Kisha dume likatokea, jekundu, na baka lake begani.

Mdogo wangu alilitazama. Alitoka mbio.

Nilimfuata, kwa hiyo haya nayo niliyaona. Alijitupa katikati ya watu akipiga kelele: "Acheni! Kompyuta ni yangu! Sijaibiwa!"

"Kahongwa huyo!"

"Nimesema sijaibiwa!"

"Basi wewe ndiye mshirika wake!"

Walimpiga. Watu aliowaita mwenyewe wamsaidie walimpiga kwa mawe, naye akawapiga kwa gongo lile lile, akapasua mdomo wa jirani yangu wa upande wa kushoto, akamvunja mwingine meno, hadi wakarudi nyuma hatua kadhaa. Tairi lilikuwa limekwisha kufika. Tulimwinua fundi tukamlaza ndani ya pikapu, juu ya mavi ya ng'ombe, na jiwe la mwisho lilivunja kioo cha nyuma tulipokuwa tukiondoka.

Tulipitia polisi kwanza kuchukua PF3, maana bila karatasi hiyo majeruhi wa kipigo hapokelewi hospitali. Askari alikuja hadi kwenye pikapu. "Nani kampiga?"

"Wananchi wenye hasira," alisema mdogo wangu.

Askari alianza kuandika. Maneno hayo nilikutana nayo kwenye majalada mengi, na katika majalada hayo hakuna mtu aliyewahi kuua.

"Na huyu," nikasema. "Nilimwona. Mkono ule kauvunja yeye."

Mdogo wangu alinitazama kwa jicho moja, jingine likiwa limevimba na kufumba. "Kaka."

"Andika," nilimwambia askari.

Kesho yake niliruhusiwa kuingia wodini. Kichwa cha fundi kilikuwa kimefungwa bendeji hadi kwenye nyusi, mkono umenyooshwa kwenye vibao, na pumzi yake ilitoka kwa mkoromo. Alinitambua.

"Mzee, shikamoo," alisema, katika hali ile.

"Marahaba."

"Yuko wapi?"

"Yuko benchi la nje. Ana askari pembeni yake. Anaomba aingie akuombe radhi."

"Mwambie asiingie."

Nilitoka nikamwambia. Mdogo wangu aliinamisha kichwa, na askari akamwinua kwa mkanda wa suruali wakaondoka.

Niliporudi asubuhi iliyofuata, kitanda kile kilikuwa kitupu. Muuguzi alinieleza kwamba ndugu zake walikuja alfajiri wakamchukua. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alinieleza jambo tofauti, kwa sauti ya chini, nalo siliandiki, maana sikuliona. Tangu hapo nimeletewa habari zake kutoka Mwanza, kutoka Nairobi, na kutoka kaburini, na kila aliyezileta nimemwuliza kama alimwona. Hakuna aliyemwona. Mimi niliona kitanda. Kilikuwa kimetandikwa shuka safi, na kwenye mto hapakuwa na alama ya kichwa.