Nilivyolifuata hadi Nosy Be ziwa la riwaya aliyonisomea mama

Wakuu, salaam. Nimeona mnabishana riwaya fulani ilitungwa kuhusu mahali gani, nikasema mzee na mimi nitie langu. Sitaongeza chumvi. Picha sina, kwa hiyo wale wa "weka picha" mnisamehe.

Nilizaliwa Mahajanga, Madagaska, kwa wazazi wenye asili ya Ngazija.

Mama alikulia kisiwani Nosy Be. Alipoolewa Mahajanga hakurudi tena kwao.

Alikuwa na riwaya moja ya Kifaransa, jina nalihifadhi. Akimaliza kupika ananisomea, huku akinigeuzia kwa Kikomoro.

Humo mna ziwa katikati ya kisiwa, na juu yake mlima mrefu. Akifika hapo hufunga kitabu.

"Ziwa hilo nalijua. Mwandishi aliishi kwetu. Mlima kauongeza mwenyewe."

Kila mwaka alisema tutakwenda. Nchi ikapata uhuru, naye akafariki muda mfupi baadaye, hatujaenda.

Nikabaki na shiromani yake, ile nguo ya kujitanda ya mama zetu. Sikuikunjua, maana ilikuwa bado na harufu yake. Wakuu, mama aliyenibakia ni ile harufu.

Basi nikapanda meli hadi Andoany, mji mkuu wa Nosy Be. Shiromani nikaitia kwenye kibegi, maana nyumbani wangeifua. Nyie mnajua dada zetu wakiona nguo.

Mama mdogo, mdogo wake mama, akanipokea. Kesho yake akanipeleka ziwani, tukipita kwenye miwa na milangilangi, ile miti ya maua ya manukato.

Njiani tukamkuta bibi wa Kisakalava, wenyeji wa kisiwa, mlinzi wa ziwa. Akaitazama suruali yangu.

"Fady," akasema. Mwiko.

Mama mdogo akanifafanulia: ziwa ni la mizimu yao, haliendewi kwa suruali wala viatu. Nijifunge nguo au nirudi.

Nguo niliyokuwa nayo ni ile shiromani tu kibegini, na mama mdogo alijua.

"Mwanangu, usipotaka turudi. Hakuna wa kukulaumu."

Nilisimama pale jua likinichoma. Mwisho nikaikunjua. Kwanza nikazika pua humo, mbele za watu, bila haya. Kisha nikajifunga kiunoni. Kijana na ndevu zangu, nimevaa shiromani ya mama! Bibi akacheka, na mimi nikacheka.

Ziwa lipo. Maji ya kijani, kimya, na mamba wamo. Mlima hakuna, ni kilima cha mbuzi kupanda bila kuhema.

Mama alisema kweli tupu. Nikageuka kumwambia, kabisa, kama vile yuko nyuma yangu.

Tukiwa tunarudi mvua ikatunyeshea. Jioni nikainusa ile nguo: tope, na langilangi tulizozipitia. Mama hayumo.

Nililia kwenye mkeka wa mama mdogo kama mtoto. Akaichukua, akainusa.

"Dada alinukia hivi alipokuwa msichana," akasema. "Wewe hukumjua huyo."

Nilichojifunza ni hiki: mahali pa kitabuni panaweza kuwepo kweli, na ukifika bado ukamkosa aliyekusomea.

Shiromani ninayo mpaka leo. Sasa hainukii chochote, lakini hakuna anayeruhusiwa kuifua.

Na wewe mkuu, nani alikusomea, na mahali pake ulifika? Andika hapa chini, nitasoma zote.